Alama Niliyojiwekea Kwenye Kizuizi cha Malale

Saa moja na dakika arobaini asubuhi niliandika alama mbele ya jina langu, kuonyesha kwamba nimepimwa malale na kuonekana mzima. Sikuwa nimepimwa. Saa niliyoitazama ilikuwa ya mfukoni, mali ya bwana mpimaji wa njia aliyeongoza safari yetu, nami nilikabidhiwa niitunze tangu tulipotoka Tabora. Kwa hiyo muda huo sina shaka nao.

Naandika haya kwa wale watakaoambiwa wana ugonjwa huu, na kwa wale walio nao ambao bado hawajaambiwa. Habari za vijidudu waulizeni wenye hadubini. Mimi nasema ninachokijua: alama ile ilinichelewesha wiki saba, na katika wiki hizo saba ugonjwa ulipanda kichwani, ikabidi nichomwe dawa inayoponya watu na kupofusha baadhi yao. Nami ni karani. Sikusoma shule. Nilijifundisha herufi nikiwa mpagazi wa miaka ishirini na miwili, kwa kutazama maandishi ya kwenye masanduku niliyoyabeba. Chakula cha nyumbani kwangu kilitoka machoni mwangu.

Safari yenyewe ilikuwa ya miezi mitano. Kampuni moja ilitaka nta na mbao za mninga kutoka porini ambako reli haifiki, ikamtuma bwana mpimaji aangalie kama malori yanaweza kufuata tawi la kusini la njia ya zamani ya misafara, kupitia Ugalla hadi ziwani. Wapagazi walikuwa thelathini, mpishi mmoja, na mimi nikiwa nyapara na karani kwa pamoja. Njia ile bado ipo. Mahali pengine imechimbika kama mfereji kwa nyayo za baba zetu, na miti imeota kando yake bila kuingia ndani. Tulitembea siku tatu bila kuona kisima, tukikamua maji kwenye tope kwa kitambaa. Wiki iliyofuata tulitembea siku mbili ndani ya maji yaliyofika kiunoni, mizigo ikiwa kichwani. Udongo wa tambarare ulipokauka ulipasuka nyufa za kumeza mguu hadi gotini. Na kila mahali penye kivuli palikuwa na mbung'o. Kuumwa na mbung'o si kama kuumwa na mbu. Ni kama kuchomwa na moto wa sigara, kupitia shati. Mmoja aliniuma ugoko wa kulia tulipokuwa tukirudi. Pakafanya kidonda chekundu, kigumu, kikakaa siku kumi kikapona. Baada ya hapo zikaanza homa za kuja na kwenda, kisha mtoki shingoni kwa nyuma, wa ukubwa wa punje ya karanga.

Nilijua ni nini. Hilo lazima niliseme mapema, maana wengi walinihurumia baadaye wakidhani sikujua.

Kizuizi kilikuwa kibanda cha nyasi na mti uliolazwa barabarani, mwendo wa siku tano kabla ya Tabora. Kila atokaye porini lazima asimame hapo, avue shati, dresa, yaani msaidizi wa daktari, ampapase shingo, na mwenye mtoki atolewe damu. Dresa yule alikuwa peke yake na alikuwa amechoka. Aliponiona na kitabu akafurahi.

"Karani, niandikie majina. Mimi nitapapasa, wewe weka alama. Tutamaliza kabla ya jua kali."

Ikawa hivyo. Wapagazi walipita mmoja mmoja, wakitaniana.

"Shika vizuri, dresa, hiyo ni shingo ya mtu, si ya kuku!"

"Huyo mpapase mara mbili, analala hata akitembea."

"Mpapase na nyapara! Shingo ile imenenepa kwa nyama ya bwana."

Wakacheka, nami nikacheka. Wawili walikutwa na ugonjwa, Mihayo na mdogo wake. Walilia kama watu waliofiwa, kwa sababu wangebaki pale kambini wakati wenzao wanakwenda nyumbani na mshahara. Niliandika majina yao pembeni. Mwishowe dresa akaosha mikono, akaniuliza, "Na wewe, mwenye kitabu?"

"Mimi nilipimwa kule tulikotoka."

"Haya. Jiandike basi."

Nikajiandika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sababu ya kwanza ni kwamba sikutaka kuvua shati mbele ya watu niliokuwa nikiwaamrisha miezi mitano. Sababu ya pili ni malezi. Baba yangu alibeba pembe hadi pwani mara nne. Kwake yeye, mpagazi akikiri njiani kwamba anaumwa, mzigo wake hugawiwa wenzake, na tangu hapo si mwenzao tena. Ni mzigo mwingine. Wanyamwezi wa njia hukaza mkanda wakasonga. Nilidhani huo ni ushujaa. Mihayo na mdogo wake walichomwa sindano za mwanzo palepale kambini, dawa isiyogusa macho, na mvua zilipokolea walikuwa nyumbani wanalima. Wote wawili wanaona mpaka leo.

Nilifika Ng'ambo, mtaa ninaokaa Tabora mjini, mvua za kwanza zikianza kunyesha. Mke wangu Debora alinipokea kwa maji ya kuoga na ugali wa mtama. Siku ya tatu alianza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Baba Rebeka, mbona unalala saa nne za asubuhi?"

"Nimechoka na safari."

"Safari zote ulizokwenda hukuchoka. Hii umechokaje? Huko Ugalla umeoa?"

"Ugalla kuna nani wa kuoa? Kuna mbung'o."

"Watu wa njia hawakosi mke wa njiani. Baba yako alikuwa na watatu."

Hakuwa akitania. Mwili wangu ulinisaliti kwa namna iliyofanana na uongo. Usingizi ulinishika nikiwa nimesimama. Ngozi iliniwasha ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Uso ulivimba chini ya macho. Nikigonga kiwiko kwenye meza, maumivu yalichelewa, yakaja baada ya kupumua mara mbili tatu, kisha yakakaa kwa saa nzima. Nilimeza kwinini kila siku. Nilikwenda kwa waganga wawili. Wa kwanza alisema nimerogwa na mpagazi, wa pili alisema nimerogwa na mke. Huyo wa pili nilimwamini kwa siku nne, na katika siku hizo sikula alichopika Debora. Kampuni ilikuwa imenipa kazi ya kuandika vifaa vilivyorudi. Niliandika mahema kumi na saba mahali palipokuwa na saba, nikamtukana aliyenisahihisha. Mwisho wa Novemba wakaniachisha.

Linalofuata silikumbuki. Niliambiwa na Debora, na nimelikagua kwa kumuuliza pia binti yetu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Igalula kutusaidia kupanda karanga. Msomaji asiye wa kwetu ajue kwamba Mnyamwezi na mama mkwe wake hawakaribiani; wakikutana njiani mmoja huingia majanini ampishe mwenzake, na jina lake halitamkwi. Siku hiyo mchana niliingia chumba alichokuwa amepumzika, nikavua shati, nikavua na suruali, nikakaa kitandani kwake. Nikamwita kwa jina alilopewa na baba yake. Nikamwambia aniletee maji ya kuoga.

Alitoka kwa kupitia dirishani. Mwanamke wa umri wake. Jioni ile alipanda treni kurudi Igalula bila kuaga, na Debora akafunga nguo zake.

Kesho kutwa yake alikuja shemeji yangu, Zakaria, kumchukua dada yake na kudai faini ya matusi. Alikuja na baiskeli na fimbo. Debora anasema alianza kunisema tangu mlangoni.

"Shemeji, leo utanieleza. Mama yangu ni mtu wa kumfanyia vile? Ulikunywa nini?"

Nilikuwa nakula. Nilianza kumjibu, na katikati ya neno nikalala, tonge likiwa mkononi. Zakaria alinitazama kwa muda. Akalitoa lile tonge vidoleni mwangu, akalirudisha kwenye sahani.

"Huyu hajalewa," akamwambia dada yake. "Huyu anakufa. Nishikie baiskeli."

Walinifunga kwa khanga kwenye kiti cha nyuma nisianguke, wakanisukuma hadi hospitali. Ilikuwa katikati ya Desemba, siku ya hamsini baada ya kizuizi.

Nilichomwa sindano ya mgongo wapate maji ya uti. Unakumbatia magoti yako na mtu anakushika kichwa. Maumivu yake yanavumilika. Kisichovumilika ni kwamba huoni kinachokuja. Baadaye daktari alizungumza na dresa wa wodi, na dresa akanieleza kwa Kiswahili. Dresa huyu alikuwa Mzaramo, jina lake Salehe, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hakuniheshimu hata siku moja.

"Mnyamwezi, umezoea kubeba wewe. Mwaka huu utabebwa."

"Sema ulichotumwa."

"Nimetumwa nikuambie wadudu wamefika kichwani, japo sikuamini kama kuna kitu mle cha kuwavutia." Kisha akavuta kigoda akakaa, na sauti ikabadilika. "Sikiliza sasa. Sindano kumi na mbili, moja kila Jumanne. Usipochomwa utakufa kabla ya mavuno. Ukichomwa, huenda ukapona. Lakini dawa hii ina tabia ya kula macho. Si ya kila mtu. Ikianza, huanza kidogo: ukungu, nuru za kumetameta. Ukiona hivyo sema siku hiyohiyo, tusimamishe. Usiposema, utatoka hapa mzima, ukishikwa mkono."

"Ikisimamishwa, malale je?"

"Ndiyo hapo," akasema.

Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi mbili na ukuta mweupe. Ukutani palibandikwa ratiba ya treni ya mwaka uliopita, maandishi madogo. Niliifanya kipimo changu. Kila Jumanne kabla ya sindano nilisimama hatua tatu kutoka ukutani, nikafunga jicho moja, nikasoma vituo kwenda mashariki: Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe, Tura. Kisha jicho la pili. Wagonjwa wengine walidhani nasali.

Kwenye benchi ile niliwaona watu wakibadilika. Kijana mmoja mfuga nyuki aliingia akiimba, na kufikia sindano yake ya tano alikuwa akimwuliza kila apitaye kama kumekucha. Sikuona mtu akimjibu vibaya. Hiyo nayo niliiandika, kwa kuwa mambo mema yalikuwa machache.

Sindano ya kwanza nilitapika. Baada ya tatu niliacha kulala mchana. Baada ya nne nilimkumbuka binti yangu jina lake la utotoni, nikalia. Karanga zilikuwa zimechipua kipindi hicho, nje ya wodi, katika shamba la mtu nisiyemjua, na nilizihesabu mistari kupitia dirishani. Uso ukashuka uvimbe. Nywele zilizokatika zikaanza kurudi, za mvi.

Debora, aliyekuwa amekwenda Igalula na kaka yake baada ya kunifikisha hospitali, alirudi baada ya sindano ya pili. Hakusema amerudi, alileta uji, akakaa. Wiki ya tano alikuja na mama yake kutoka Igalula. Mama mkwe hakuweza kuingia mahali nilipo, faini ikiwa haijatolewa. Alikaa nje chini ya dirisha langu, akanipa mgongo, akazungumza na ukuta.

"Mwambie mkwe wangu hiyo michembe nimeichemsha na karanga. Asiseme haina ladha."

"Amesikia, mama," Debora akasema.

"Mwambie ale yote. Waliofiwa na wakwe ni wengi, mimi sina haja ya kuwa nao."

Nilikula viazi vile vikavu vyote, nikiwa nimegeukia upande mwingine, ili asije akasikia ninavyotafuna kwa kwikwi.

Juma hilohilo ilikuja barua ya kampuni. Nilikuwa nimewaomba nusu mshahara kwa muda wa matibabu, kwa kuwa ugonjwa niliupata kazini mwao. Walijibu kwa mistari minne. Kwa mujibu wa kitabu cha kizuizi, nyapara alipimwa wakati wa kurudi akaonekana mzima. Kwa hiyo ugonjwa ameupata baada ya safari, na kampuni haihusiki. Niliisoma mara mbili. Nilitafuta kosa ndani yake, kama nilivyozoea kutafuta makosa katika barua za watu, sikuliona. Ilikuwa barua sahihi.

Sasa nifike kwenye macho.

Kabla ya sindano ya sita, jicho la kushoto liliona ukungu kwenye neno Tura. Nilijiambia ni mwanga hafifu, kulikuwa na mawingu. Sikusema. Nilikuwa nimehesabu: zimebaki saba, nguvu zinarudi, wakisimamisha nitarudia kumvulia nguo mama wa watu. Nikachomwa. Jumanne iliyofuata jua lilikuwa kali. Nilisimama hatua tatu. Jicho la kulia lilisoma vyote. La kushoto lilisoma Igalula, Goweko, na baada ya hapo palikuwa na maji yanayochemka.

Salehe alinikuta pale pale. Alikuwa ameshagundua mchezo wangu, akawa anautumia kunipima.

"Haya, msafiri, jicho la kushoto. Twende Tura."

Nikataja: "Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe, Tura."

"Safi. Njoo uchomwe."

Alikuwa ameshika kitabu cha wodi na kalamu. Nilimwona akiinamisha kalamu aweke alama mbele ya jina langu.

"Ngoja, Salehe," nikasema. "Nimevitaja kwa kichwa. Baada ya Goweko sioni kitu."

Kalamu ikasimama. "Tangu leo?"

"Tangu wiki iliyopita."

Alinitukana. Hayakuwa matusi ya utani, utani ninaujua. Aliniuliza kama nilijifundisha kusoma ili niwadanganye watu kwa maandishi. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa daktari akikimbia kidogo, kana kwamba mbio zile zingerudisha siku saba.

Sindano zilisimamishwa wiki nne. Katika wiki hizo nililala nikisubiri kipi kitatangulia, giza au usingizi. Kila nilipopiga miayo Debora aliacha alichokuwa akifanya. Jicho la kushoto liliendelea kufunga kutoka pembeni kuja katikati, mpaka ikawa natazama kama kupitia mwanzi mwembamba. Kisha mwanzi nao ukajaa moshi. La kulia lilipoteza ukingo wa nje, likasimama hapo. Walinichoma mgongo tena. Maji yalikuwa yamesafika nusu tu. Daktari akasema zilizobaki nitachomwa kwa kipimo kidogo, nikikubali, na kwamba hawezi kuahidi jicho la kulia. Nikauliza anaweza kuahidi nini. Salehe hakutafsiri swali hilo.

Nilikubali. Sindano sita zile nilizipata Machi na Aprili, watu wakila mahindi mabichi. Kila Jumanne Salehe mwenyewe alinifunga jicho kwa kiganja chake, akanipa kusoma karatasi aliyoiandika asubuhi hiyohiyo, kila mara maneno mapya, mengi yakiwa matusi kwa Wanyamwezi. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti na wodi ikicheka. Ya mwisho ilisema: Huyu hafai hata kuliwa na fisi, mpelekeni nyumbani. Niliisoma yote.

Waliniruhusu mwishoni mwa Julai, baada ya kunichoma mgongo mara mbili zaidi. Naona kwa jicho moja, mbele tu. Nikitembea barabarani watu hutokea upande wa kushoto kama wamechomoza ardhini. Naandika, lakini kurasa mbili kwa siku, na karani wa kurasa mbili haajiriwi na mtu. Ninashona magunia kwa Mwarabu mmoja sokoni na kumsomea barua zake. Debora anaishi nami. Hasira aliyonayo haijaisha, na sijamwomba aiache.

Kwako unayesoma: ukifika kwenye kizuizi, vua shati. Kama wewe ndiye mwenye kitabu, mpe mwingine akishike, upange mstari. Na ukiwa tayari kwenye benchi, uonapo ukungu useme siku hiyohiyo, hata kama kuna mawingu.

Juma lililopita nilikaa kuandika orodha ya hasara, kwa kuwa ni kazi niliyoizoea. Mishahara ya miezi minane, Desemba hadi Julai, ni shilingi mia tatu na sitini. Kwinini na waganga wawili ni shilingi thelathini na nane na senti hamsini. Nauli za treni za Debora kwenda na kurudi Igalula ni shilingi kumi na nne. Mbuzi na kaniki ya mama mkwe sikuviingiza, maana hiyo ilikuwa faini ya haki na niliilipa kwa moyo. Mbele ya jicho la kushoto sikujua niandike nini, nikaacha nafasi wazi. Jumla ni shilingi mia nne kumi na mbili na senti hamsini.